Vipimo vya Mto Rwintuku

Rwintuku, Ngara
8 Oktoba 2023

Kwa binti yangu Joyness,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi ni wazima, isipokuwa masikio yangu, ambayo nadhani nayo yameamua kustaafu. Juzi ulipopiga simu ilibidi nimwite jirani yetu mama Francisca aipokee, kisha anipigie kelele kila ulichosema, mpaka wapita njia wakajua kwamba unaumwa jino. Ndiyo maana nimerudia kalamu. Christina hupita na gari la ndizi kila Ijumaa akienda soko la Benaco. Barua zako mpe yeye. Jino limetulia?

Kilichonifanya niandike ni mto. Tangu mvua zianze, Rwintuku unanuka. Si harufu ya tope, ya tope naijua. Asubuhi kuna povu kwenye mawe pale tunapovukia, na maji ni ya kijivu kama yaliyooshewa vyombo. Ng'washi, yule Msukuma mwenye ng'ombe aliyehamia bondeni, anasema ng'ombe wake wanafika ukingoni, wananusa, wanageuka. Mama Francisca ameacha kuchota huko. Anapanda hadi chemchemi ya mlimani, saa nzima kwenda na zaidi ya saa kurudi, na magoti yake unayajua.

Wewe uko huko juu kwenye hiyo kampuni ya Mtiririko iliyopewa kazi ya kusafisha majitaka ya mji, na kupima maji ndiyo kazi yako. Tueleze kuna nini. Mama Francisca anakusalimu. Anasema hakukulea tangu mama yako atutoke ili uje ukonde mjini, kwa hiyo ule.

Ni mimi baba yako,
Juvenali

*

Benaco
15 Oktoba 2023

Baba mpendwa, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi sijambo, jino nimeling'oa.

Kuhusu mto usiwe na wasiwasi sana. Mvua za kwanza hukokota kila kitu kutoka juu: samadi, majani, takataka za barabarani. Malori yanayolala hapa kabla ya kuvuka mpaka yameongezeka, na nyumba za wageni zinajengwa kila mwezi. Lakini majitaka yote yanapita kwenye mabwawa yetu matatu, yanatulia, yanasafishwa, ndipo yanaachiwa mtoni. Kila Jumatatu nachota sampuli na kuzipima. Meneja wetu, Bwana Danstan, atakuja huko kuzungumza na wananchi.

Kwa sasa mwambie mama Francisca aendelee tu na chemchemi, na ya kunywa achemshe. Nitamletea dawa ya kuchua magoti nikija Krismasi.

Mwanao,
Joyness

*

Rwintuku
12 Novemba 2023

Binti yangu Joyness,

Nakusalimu kwa furaha. Afya yangu njema, na leo hata mgongo hauumi.

Jana tulikuwa na mkutano wa kijiji. Bwana Danstan alikuja na karatasi yenye muhuri. Watu walikuwa wamenuna. Ng'washi alisimama akamuuliza, "Kiongozi, haya maji wewe unaweza kuyanywa?" Danstan akajibu kwamba yeye si mtaalamu, mtaalamu ameshapima na kuweka saini. Haya yote niliandikiwa na mtendaji wetu, Jovitus, kwenye kijidaftari ninachotembea nacho. Kisha Jovitus akanipa ile karatasi niwasomee watu. Akawaambia, "Mwalimu Juvenali hajawahi kutudanganya."

Nikasoma namba zote, ingawa wengi hatukuzielewa. Nilipofika chini nikakuta jina lako. Joyness, nililionyesha kwa kidole watu wa mbele waone. Kisha nikasema, "Ndugu zangu, huyu nimemzaa mimi, na kuandika nilimfundisha mimi. Akisema ni salama, ni salama." Makofi sikuyasikia, lakini niliyaona.

Jioni ile ile mama Francisca alishuka mtoni na ndoo. Amesema niandike kwamba magoti yake yamepata likizo na anakushukuru. Nyumba zote za huku chini zimerudi mtoni, na mimi pia. Harufu bado ipo kidogo, lakini tunachuja kwa kitambaa.

Laiti mama yako angekuwepo jana.

Baba yako,
Juvenali

*

Rwintuku
29 Novemba 2023

Joyness mwanangu,

Salamu. Wiki mbili Christina amerudi mikono mitupu. Je, unaumwa?

Huku si shwari. Watu tisa wanaharisha, na watoto wawili wa Ng'washi wamelazwa. Mama Francisca alianza Alhamisi. Jana mumewe, Bukuru, alimpeleka kituo cha afya kwenye pikipiki, amefungwa kwa kanga mgongoni mwa dereva asianguke. Wanampa dawa za malaria. Mimi tumbo linanisokota lakini natembea.

Niandikie, hata mistari miwili.

Baba yako,
Juvenali

*

Benaco
3 Desemba 2023

Baba,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, weka barua hii chini, nenda ukawaambie watu wasiyaguse maji ya mto. Wasinywe, wasipikie, wasioshee hata mboga. Na mtu akimbie kituo cha afya awaambie ugonjwa wa mama Francisca ni wa maji yenye kinyesi, si malaria. Ukirudi ndipo usome yaliyobaki.

Nimepiga simu ya mama Francisca, imezimwa. Ya Bukuru haipatikani. Nimempigia Jovitus mara mbili. Anasema karatasi yenye muhuri haifutwi kwa simu, nimletee karatasi nyingine. Kwa hiyo sikumngoja Christina. Barua hii namkabidhi mwendesha bodaboda alfajiri kesho.

Baba, mota ya kusafishia ilikufa mwezi wa saba. Bwawa la kwanza limejaa tope ambalo halijawahi kuzolewa tangu kampuni ipewe mkataba. Mvua ikinyesha linafurika, na ili lisimwagikie barabarani ambako kila mtu ataliona, wanafungua lango la chini na kila kitu kinaingia Rwintuku kama kilivyotoka vyooni. Mwezi wa nane nilipima nikakuta vijidudu vya kinyesi visivyohesabika. Nilipeleka majibu kwa Danstan. Akayasoma, akafunga mlango.

"Joyness," akasema, "mkataba unatutaka tupeleke karatasi halmashauri kila mwezi. Hautaki tupeleke maji."

Akaniambia nichukue namba za mwaka jana, mota ilipokuwa nzima, nizinakili. Nilikataa siku moja. Siku ya pili nikanakili. Nilijiambia ni mwezi mmoja tu, mota iko njiani. Nimenakili miezi minne. Hakuna aliyekuja kupima baada yangu, maana utaratibu wa halmashauri ni kwamba kampuni inajipima yenyewe. Uliponiandikia Oktoba nilikuwa najua. Nilikuambia mama Francisca achemshe na aendelee na chemchemi kwa sababu nilijua, na sikukuambia kwa nini kwa sababu niliogopa.

Barua yako ya mkutano niliipata tarehe 17. Nimeijibu mara tatu nikachana. Ningeandika siku ile ile, mama Francisca asingelazwa. Hili siwezi kulizungushia maneno.

Ndani ya bahasha kuna daftari langu. Vipimo vya kweli viko humo, vya kila Jumatatu, na tarehe. Lifanyie unaloona ni haki. Kesho naacha kazi, kama hawatanifukuza kwanza. Nitakuwa kwa shangazi Zita, Biharamulo.

Mwanao,
Joyness

*

Rwintuku
21 Desemba 2023

Joyness,

Barua yako na daftari nilivipokea Jumatatu asubuhi tarehe 4, nikiwa nyumbani kwa Bukuru. Tulikuwa tunachimba kaburi. Mama Francisca alifariki Jumapili mchana, wakati huenda ndipo ulikuwa unaandika.

Sikumaliza kusoma. Nilipofika pale unaposema niiweke chini, niliiweka, nikaenda jikoni ambako wanawake walikuwa wanapikia waombolezaji. Masufuria matatu makubwa, yote maji ya mto. Niliyapindua moja baada ya jingine. Walidhani msiba umenipanda kichwani. Wanaume wawili walinikamata mikono. Nikamwonyesha Jovitus ile mistari yako ya kwanza. Akaisoma, akakaa chini, kisha akamtuma mtu kituo cha afya.

Jioni nilisimama mbele ya waombolezaji wote nikaisoma barua yako nzima, pamoja na jina la aliyeandika. Niliwaambia kwamba karatasi ya kwanza niliisoma mimi na neno la "ni salama" lilikuwa langu, kwa hiyo asiyetaka kunisalimia tena asinisalimie. Miaka thelathini na mbili nimesahihisha madaftari ya watoto, na sikuwahi kumwachia mwanafunzi ajisahihishie mtihani. Niliachia hili kwa sababu mwanafunzi alikuwa wangu. Bukuru alisikiliza mpaka mwisho, akaondoka kwenda kukaa na jeneza.

Tangu hapo wamekufa wengine wawili: mtoto mmoja wa Ng'washi, na bibi kizee Véronique wa ng'ambo ya mto. Ng'washi hapiti tena mbele ya nyumba yangu.

Daftari tulilipeleka wilayani, Jovitus na mimi. Baada ya siku sita wakaja maofisa wa mazingira kutoka mkoani na chupa zao wenyewe. Walichota wakaondoka. Tunaambiwa kutakuwa na kikao mwezi Januari. Lango linaendelea kufunguliwa kila mvua inaponyesha, povu tunaliona.

Bukuru ameniandikia kwenye kijidaftari changu maneno haya: "Aje mwenyewe. Sitaki karatasi." Nakupelekea kama yalivyo. Krismasi usije kama mtu anayekuja kwao likizo. Njoo kwake kwanza, ndipo upite kwangu.

Mengine bado sijui jinsi ya kuyaandika.

Mwalimu Juvenali

*

Biharamulo
20 Januari 2024

Baba, shikamoo.

Natumaini umeamka vizuri na tumbo limepoa kabisa. Mimi nipo, shangazi Zita naye anakusalimu. Mimi naye tulirudi huku salama, ingawa mvua ilitukuta njiani.

Jumamosi iliyopita ulikaa katikati yetu pale kwa Bukuru ukaona midomo tu. Nilipokuwa naondoka uliniandikia swali, "Alikuambia nini?" nami nikakurudishia kijidaftari. Sasa nakujibu.

Nilianza kwa kuomba msamaha. Akaninyamazisha. Akasema, "Sikukuita uje ulie. Maofisa waliniuliza mke wangu alikufa na nini. Nikasema tumbo. Wakaandika tumbo. Watu wengi hufa na tumbo, Joyness. Wewe ndiye unayejua jina lake."

Nikamweleza kwamba mwanasheria wa Mtiririko alifika hapa kwa shangazi kabla ya Mwaka Mpya. Kampuni itasema haikujua lolote. Kwamba ni mimi nilighushi vipimo kwa uvivu wangu, na wao wamedanganywa kama kijiji kilivyodanganywa. Nikikaa kimya watasema nimeshaacha kazi na mambo yaishe. Nikisema, watanishtaki kwa kughushi. Danstan amehamishiwa mji mwingine, mabwawa bado ni yao.

Bukuru akaniuliza, "Ni kweli uliandika zile namba?"

Nikasema, "Niliandika."

"Basi anza na hapo. Ukianza na lako, watashindwa kukutisha nalo. Kisha useme la kwao."

Pale ndipo nililia, ukanishika bega. Nikamuuliza kama atanisamehe. Akaangalia upande wa kaburi, akasema hilo hajalifikia, na nisimharakishe. Alipotusindikiza mpaka njiani, alikwenda mbele peke yake.

Kikao ni Jumanne tarehe 30, wilayani. Bukuru atakuja, na Jovitus ameahidi kuleta ile karatasi yenye muhuri. Nimesikia Ng'washi naye atakuja, na kwamba hataki kukaa karibu na mtu wa ukoo wetu. Umwache akae anapotaka.

Nimeandika nitakayoyasema, kurasa tano, kuanzia siku Danstan alipofunga mlango na mimi nikabaki ndani. Shangazi Zita anaogopa. Ananiambia nitafute mtu wa kuzungumza na wakubwa kabla ya siku hiyo. Nimemkatalia, na nakuomba wewe pia usifanye hivyo. Najua wakubwa wengi wilayani walipita mikononi mwako shuleni na wangekusikiliza.

Wakinikamata pale pale, baba, usimwombe yeyote anitoe mahabusu kabla sijayasema yote, hata kama ni huko huko.

Mwanao,
Joyness