Kocha Aliyekuja Kuomba Binti

Louisville, mwezi wa kumi

Shikamoo Mama,

Goti limepona? Mdogo wangu Leonidas aliniambia ulianguka ukitoka kanisani, na tangu siku hiyo nakuona mbele ya macho yangu ukitembea huku umeshika ukuta. Sisi huku tu wazima, namshukuru Mungu. Mkwe wako Domitila bado anahudumia wazee, mimi bado napanga maboksi ghalani, na mgongo unalalamika ila haujagoma. Katekista, wewe unayemsomea Mama barua hii, soma taratibu, tena usiruke pale ninapojisema vibaya, maana ndipo penye habari yenyewe.

Habari ni ya mjukuu wako Goreti. Tulipokuwa tunakaa mtaa wa Newburg alikuwa bingwa wa kuchelewa basi la shule, akawa analifukuza kwa miguu mpaka kituo cha tatu. Mwalimu mmoja akamwona, akamtia kwenye timu ya mbio. Tukahamia mtaa wa Beechmont, hakuacha. Basi mwezi wa tatu mwaka huu, alipokuwa anakaribia kumaliza sekondari, kocha wa chuo kikuu kimoja alikuja nyumbani. Alimtaka Goreti akimbie katika timu yao, na chuo kimsomeshe bure miaka minne.

Kocha huyo ni mama mtu mzima, Mmarekani mweusi, mrefu, nywele fupi zenye mvi. Chuo chake si cha kuonyeshwa kwenye televisheni kila Jumamosi. Kilianzishwa zamani kwa ajili ya watu weusi, wakati vyuo vingine vilipowafungia mlango, na mama yake mzazi alisoma hapo hapo. Alitusimulia hayo huku akila ndizi na maharage ya Domitila, hakubakiza kitu. "Basi letu ni kuukuu, na jezi nafua mwenyewe," alisema. "Lakini msichana akiwa kwangu, najua kama amekula na kama amefaulu hesabu." Nilimpenda papo hapo.

Sasa Mama, mtu ameingia nyumbani kwangu, amekula, ameomba binti. Ningefanyaje? Nilifanya ulivyonifunza. Nikakohoa kidogo, nikasema, "Tumekusikia. Nenda salama." Goreti akatafsiri neno kwa neno. Si wewe uliyetusimulia jinsi babu alivyowarudisha wajumbe wa baba mara tatu? Si wewe uliyesema binti akitolewa siku ya kwanza, watu hudhani kwao wamemchoka? Basi nikakaa kumsubiri mgeni arudi.

Hakurudi. Wiki ya kwanza nikasema anajipanga. Wiki ya pili nikaweka soda kwenye friji za kumpokelea. Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, Goreti akarudi kutoka shule macho mekundu. Mwalimu wake alikuwa amemwambia kwamba Kocha ameona kimya chetu, akadhani tumekataa, na Jumatatu nafasi hiyo anapewa msichana mwingine. "Alikuwa anakusubiri wewe, Baba," akaniambia kwa Kiingereza, kisha akajifungia chumbani. Tukampigia Kocha, simu ikaita tu.

Niliogopa, Mama. Miaka yote ya kambi ya wakimbizi niliomba jambo moja, mtoto wangu asome mpaka mwisho. Jambo hilo likaja lenyewe mpaka mezani kwangu, nami nikalisindikiza mlangoni.

Nikampigia Leonidas kule Buffalo. Unamjua mwanao, hakunionea huruma. "Kaka, huku aliyeombwa ndiye anayepiga simu! Miaka yote hii Marekani hujalijua hilo? Haya, umeyaanza kikwetu, tuyamalize kikwetu. Msemaji ni mimi." Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba timu ya Kocha inashindana mji wa Columbus Jumamosi hiyo. Leonidas akapanda basi kutoka Buffalo. Sisi tulipelekwa na jirani yetu Mkongomani, Baba Furaha, aliyeanza kunigombeza kabla sijafunga mkanda. "Donc, mutoto anapata masomo, na weye unanyamaza? Bon, tuende. Lakini weye ukae nyuma." Nikakaa nyuma. Goreti akakaa mbele, na njia nzima kila nililomwambia alijibu "Okay, Dad," bila kugeuka.

Tulimkuta Kocha kando ya uwanja, filimbi shingoni, upepo unampeperushia makaratasi. Aliponiona hakutabasamu. Leonidas, ndani ya suti yake ya kanisani, akavua kofia, akaanzia mwanzo kabisa: sisi ni nani, tumetoka wapi, nani alikuja kwetu na aliomba nini. Goreti akawa anatafsiri. Leonidas alipofika pale kwamba kwetu mwombaji hurudi, na kwamba mimi kaka yake nina soda za mgeni kwenye friji na nimekataza mtu kuzigusa, Kocha akashika kiuno akacheka mpaka wasichana wake wakageuka. "Ningerudi hata mara kumi," akasema. "Mbona hamkuniambia?" Akaenda kwenye basi, akarudi na karatasi ya kusaini na jezi ya timu, akaninyooshea kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimeshainua mkono, Leonidas akaushika. "Bado. Mwenyewe aulizwe."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba muda wote huo hakuna aliyemuuliza, hata mimi. Leonidas akamgeukia. "Goreti mwanangu, tupokee, tusipokee?" Wasichana waliokuwa mashindanoni wakapita mbele yetu, naye akawafuata kwa macho mpaka kwenye kona. Nikajua ananisubirisha kunikomoa, na nilistahili. Kisha akanitazama mimi, si baba yake mdogo, akasema kwa Kiswahili kile kile ulichomfunza wewe, "Pokeeni, Baba."

Nililia mbele ya watu, Mama, na sijutii.

Yuko chuoni tangu mwezi wa nane. Analalamika kwamba chakula hakina pilipili na hesabu zinamtoa jasho kuliko mbio. Katika mashindano yake ya kwanza hakuwa hata kati ya kumi bora, lakini Kocha alimshangilia mpaka sauti ikakauka, na wiki iliyofuata Goreti akapunguza muda wake. Tena siku hizi ananipigia simu mwenyewe.

Msalimie dada Agnesi anayekupikia, na baba mdogo Simeoni fundi baiskeli, mwambie kofia yake naivaa kazini. Katekista naye, ahsante kwa sauti yako.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi yenye namba. Ndiyo aliyobandika Goreti kifuani siku ya mashindano yale ya kwanza, na nyuma yake ameandika jina lako kwa mkono wake. Majirani wakikuuliza mjukuu wako ameolewa wapi, waonyeshe hiyo. Waambie ameombwa, akaulizwa, akakubali, na sasa anakimbia.

Mimi mwanao, ambaye sasa nikiulizwa najibu siku hiyo hiyo,

Nestori