Mlango wa Jikoni

Mpendwa Mama, mkwe wangu,

Najua Kiswahili chako chote kilikuwa "chai" na "pole", na hiyo "pole" uliitoa hata nikikuletea habari njema. Lakini nikikuandikia kwa Kiingereza nitaandika kwa adabu, na leo adabu imenishinda.

Unakumbuka siku mwanao Trevor aliponileta kwako Saint Louis Park, Minnesota, kunitambulisha? Nilikuja na viatu vya kisigino kwenye theluji, kwa ajili yako. Tukapita sebule yako: makochi yenye vitambaa ulivyofuma mwenyewe, kabati la vioo, vikombe vyenye mstari wa dhahabu. Hukunikaribisha kuketi. Ulinipeleka moja kwa moja jikoni, ukanipa kiti kinachoyumba, kisu, na bakuli la viazi vitamu. Kwetu Kisii mgeni wa siku ya kwanza hapewi kisu! Nilimenya nikiwa nimevimba kwa hasira. Garini nikamwambia Trevor, "Mamako ameniona mtu wa chini." Akacheka tu.

Nilikuja kuelewa siku mchungaji alipokutembelea. Ulivaa viatu vizuri ndani ya nyumba yako mwenyewe, ukamketisha sebuleni, ukaongea kama mtangazaji wa redio. Alipoondoka ulirudi jikoni, ukavua viatu, ukaninyooshea miguu nikukande.

"Huko mbele ni kwa watu," ukasema. "Huku ni kwetu."

Siku hiyo ndipo uliponisimulia habari za kwenu Barbados. Mlikuwa maskini, lakini mapazia ya dirisha la mbele yalipigwa pasi kila Jumamosi ili jirani yeyote asijue. Ukaja na mazoea hayo hadi Minnesota. Miaka yote uliyosafisha ofisi kule Golden Valley hakuna jirani aliyekuona na aproni. Ulitoka na kofia na glavu, sare imekunjwa mkobani. Mimi nikipita dukani na sare yangu ya kuhudumia wazee, nikija kwako nilikukuta mlangoni unaningoja.

"Unataka watu waseme hukulelewa?"

"Mama, hii ni Amerika. Hakuna anayeangalia."

"Mimi ninaangalia."

Mama yangu mzazi angekupenda sana. Nyinyi wawili mngeweza kummaliza mtu kwa macho tu.

Trevor na mimi tulipoachana, nilihamia mtaa wa Frogtown, mbali na kwako, nikijua nimekupoteza na wewe pia. Jumapili iliyofuata ukapiga simu. "Viazi havijimenyi," ukasema, ukakata. Nikapanda ile treni mpya ya University Avenue, nikaunganisha basi, nikaingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida. Kiti changu kibovu kilikuwa palepale. Hukuuliza habari za mahakama. Ulinisukumia bakuli, na nikalia humo humo juu ya maganda, nawe ukajifanya huoni.

Tumekuzika Februari hii, baridi ikiuma hadi kwenye meno. Baada ya ibada nilikwenda nyumbani kwako, nikazunguka nyuma bila hata kufikiria. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa. Nikabisha. Binti yako Marcia akachungulia dirishani, akanionyesha kwa mkono, kwa upole kabisa, nipitie mbele.

Akanipokea koti. Akaniketisha sebuleni, kwenye kochi ambalo sikuwahi kulikalia, akaniletea chai kwenye kikombe chenye mstari wa dhahabu, na kisahani chake.

"Asante sana kwa kuja," akasema.

Hakukosea hata kidogo. Ulimlea vizuri. Jikoni niliwasikia watu wa familia wakicheka na kulia pamoja, kisu kikigonga ubao. Nilinyoosha mgongo, nikabana magoti, nikanywa chai yote bila kutoa sauti, kisha nikaaga kila mtu na kutoka kwa mlango wa mbele.

Nina uchungu, Mama, na sina wa kumkasirikia, kwa sababu hakuna aliyenivunjia heshima. Natamani mtu angenifokea, angenipa kisu.

Siku hizi nabadilisha nguo kabla ya kutoka kazini, hata basi likiwa linaniacha. Sare naikunja mkobani. Nasimama kituoni na koti langu zuri, glavu mkononi, nikitazama huku na huku, na kweli hakuna anayeangalia.

Pumzika, Mama. Vua viatu.

Ni mimi, mkaza mwanao wa jikoni.