Chini ya Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka kliniki. Vipimo vyote safi — hakuna kidonda, hakuna uvimbe. Daktari anasema ni matumbo tu, yanakereka upesi. "Kama mwenyewe," mke wangu akadakia, wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nile kidogo kidogo, kila baada ya saa tatu. Niache maharage, vitunguu, soda. Nisishinde njaa kwa kuogopa choo, maana sukari inashuka. Daktari kaniazima kimashine cha kutoboa kidole na kupima sukari. Ikiwa chini ya nne, nile kwanza, mengine baadaye.

Jumatano, 5 Machi

Sikula asubuhi. Bucha imejaa wateja, nani atakimbia chooni na panga mkononi? Kufika saa sita natetemeka, jasho la baridi. Shemeji — mdogo wake mke wangu, ndiye mkata mifupa wangu — kaniuliza mara mbili kama nimeusoma mzani vizuri. Nikamchapa usoni kwa ubapa wa panga. Ubapa! Lakini pua ilipasuka, damu ikachuruzika kwenye meza nyeupe, na humo ndani siku zote damu ni ya ng'ombe. Mteja akaacha nyama yake akaondoka. Nikapima: 3.1. Nimeona aibu. Nimepata na ahueni, sitajidanganya.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu kamsihi mdogo wake anisamehe. "Si yeye, ni sukari." Kabandika karatasi jikoni: uji saa moja, yai saa nne, wali na samaki saa saba. Nikipandisha sauti ananiambia tu: "Pima kwanza." Tumbo limetulia siku ya pili hii. Jioni nimempiga paka teke mpaka ukutani. Sikupima.

Jumapili, 9 Machi

Nimekula kila kitu kwa saa yake. Tumbo kimya. Saa tisa mchana mke wangu kaniambia shemeji harudi buchani, na pengine ni heri. Neno hilo tu — heri. Nikamsukuma, kichwa kikagonga kabati, sahani zikamwangukia. Nikamkaba koo. Sijui kwa muda gani. Aliponing'ata ndipo nikaachia, akajifungia chumbani.

Nimekaa kati ya vipande vya sahani. Nimepima: 5.6. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikatoboa kidole kingine. 5.7.

Anaongea nyuma ya mlango, sauti inakwaruza.

"Umepima? Ni ngapi?"

Kimashine kimezima chenyewe. Anauliza tena.