Usukani Uliokwama Kushoto

Jumanne

Namchukia yule fundi wa Kaloleni. Leo amefunga shokomzoba ya usukani kwenye pikapu ya Baba, ili usitetemeke kesho akienda Sondu kuchukua nyanya. Karatasi ya maelezo iliyokuja na shokomzoba aliifanya ya kupangusia grisi. Niliiokota nikasoma: kabla ya kukaza nati, zungusha usukani pande zote mbili mpaka mwisho.

"Hujazungusha," nilimwambia kwa sauti ya chini.

"Nyathina, mwanangu, si mtihani wa shule uliisha? Mbona bado unasoma?" fundi akanitania.

Baba akacheka naye. Hicho kicheko ndicho kilichoniuma.

Niliingia kwenye pikapu nikazungusha mwenyewe. Kushoto ulikwama nusu. Na kona za Sondu zile...

Baba aliacha kucheka. Fundi alianza kufungua nati. Aliponyoosha mkono nimpe spana, niliiacha palepale chini.