Shemeji Anataka Nisionekane Uwanjani

Shangazi Janepher,

Naomba univumilie, mimi si mtu wa kuandika sana, niliishia darasa la saba kule Adjumani, Uganda, tulipokuwa wakimbizi. Naitwa Goretti, nauza bamia na nyanya katika soko dogo hapa Juba, si mbali na soko kubwa la Konyo Konyo, na mume wangu Wani alifariki mwezi wa pili.

Soko letu limegawanyika, sisi tuliorudi kutoka Uganda upande mmoja na wenzetu wanaokaa kambi ya Mangateen upande mwingine, hata chumvi kila mtu ananunua kwa mtu wake. Mwenyekiti ni Kenyi, mdogo wake Wani. Anayeshindana naye ni Ayak wa Mangateen, anauza samaki wakavu. Kura yetu si ya karatasi, unapanga mstari uwanjani nyuma ya unayemtaka na soko zima linakuona. Kwenye daftari tuko mia mbili na arobaini, na watu wasipofika mia na ishirini uchaguzi unavunjika. Kenyi amesikia kwamba baadhi yetu tunampenda Ayak, kwa hiyo amewaambia watu wetu wote wakae nyumbani. Mara ya kwanza walifika tisini na saba, mara ya pili mia na kumi na tatu, wote wa upande wa Ayak. Jumamosi ijayo ni mara ya mwisho. Wasipotimia, Kenyi anaendelea miaka miwili.

Shangazi, mimi nilikuwa nawaangalia kutoka kwenye meza yangu. Walikuja na nguo za Jumapili. Mzee Aguer, ambaye mguu wake mmoja haukunjiki, alibeba kiti chake, lakini wakati wa kuhesabiwa alikataa kukaa, akasema, "Mimi nisimame, wasije kusema wamehesabu kiti." Watu wakacheka. Walijua hawatoshi na bado walisimama juani mpaka wa mwisho akahesabiwa. Sijawahi kuona watu kama hao, isipokuwa Wani. Miaka minne iliyopita alisimama nyuma ya mtu aliyepata watu watano tu, na Kenyi akamcheka mbele ya wote, "Kaka, huo ni mstari au ni foleni ya choo?" Wani akajibu, "Mara iliyopita tulikuwa watatu. Tunaongezeka." Siku za kura alikuwa anapiga pasi shati mpaka mifuko kwa ndani.

Ayak ndiye aliyechimba mfereji mbele ya meza zetu, sisi tusiompigia kura, ili maji ya mvua yasiharibu nyanya. Msiba ulipotokea alikaa mkekani kwangu siku tatu, akisema tu, "Malesh, mama Emma, malesh," yaani pole.

Juzi Kenyi alikuja. "Shemeji, Jumamosi kaa nyumbani. Sikulazimishi kusimama nyuma yangu. Kaa tu."

"Na nikienda?"

"Watasema mke wa ndugu yangu amenikataa. Uso wangu nitauweka wapi?"

Yeye ndiye aliyenitengenezea paa, ndiye anayempeleka Emma hospitali. Naogopa yeye na mke wake Prossy hawatakanyaga tena kwangu. Nimefikiria nisimame nyuma ya Ayak, na wakiniuliza niseme Wani aliniagiza kabla hajafa. Hakuniagiza. Lakini nani atabishana na marehemu? Nifanyeje?

Goretti, mama Emma

*

Mama Emma, pole sana. Habari za mzee Aguer nimezisoma mara mbili, na ya pili nilimsomea mume wangu.

Sasa nikugombeze. Wani mwache apumzike. Yeye alisimama na watu watano kwa miguu yake mwenyewe na hakusema ametumwa. Wewe utasimama na zaidi ya mia, halafu unatafuta marehemu wa kujificha nyuma yake? Tena fikiria: ukisema hivyo, Kenyi ataishi akiamini kaka yake alimkataa akiwa kitandani, na hana wa kumuuliza kama ni kweli. Hutaki kumfanyia hivyo mtu aliyekutengenezea paa.

Kenyi si mbaya, ana woga. Hakukuomba kura, amekuomba usionekane. Mtu mwenye uhakika wa kushinda haombi hivyo.

Kabla ya Jumamosi nenda kwake asubuhi, mke wake Prossy akiwepo. Nenda peke yako. Mwambie, "Shemeji, nitakwenda uwanjani, na nitasimama nyuma ya Ayak. Ni mimi nimeamua. Nimekuja usikie kwangu kwanza, usisikie sokoni." Mwambie na yeye alete watu wake wahesabiwe. Akipiga kelele, mwache apige. Wewe maliza chai yako.

Siku yenyewe usijibanze katikati ya wenye miili mikubwa. Simama mwishoni, Kenyi akuone vizuri.

Wakimaliza kuhesabu, mtimie msitimie, usibaki kwenye vigelegele. Nenda kamsaidie Prossy kupika, maana nyumba yake itajaa wageni wenye hasira na njaa. Kenyi asipokusalimu, msalimu wewe. Na kesho yake pia.