Mama, Njia ya Baiskeli Imejengwa

Mama yangu uliyetangulia,

Ile njia uliyoidai imejengwa. Nimeona nianze na hilo, kwa sababu ungekuwa hai ungeniuliza habari zake hata kabla hujaitikia shikamoo yangu. Inaanzia upande wetu wa Ilala, inapita katikati ya Kariakoo, inashuka hadi karibu na Kivukoni. Ina ukingo wa zege unaoitenga na magari, na chini wamechora baiskeli kwa rangi nyeupe ili asiyejua kusoma naye aelewe. Natamani barua hii ingeishia hapo.

Nakukumbuka alfajiri, umevaa suruali ya marehemu baba chini ya gauni, kanga umeikaza kiunoni, unatoka Feri na tenga la samaki nyuma ya baiskeli. Mtaani walikuita Mama Baiskeli. Kina mama wengine walinong'ona kwamba mjane mzima kukaa mguu huku mguu kule barabarani ni aibu. Wewe ulikuwa umekulia Masasi, ambako baiskeli ilibeba mgonjwa, maharusi na gunia la korosho, hukuwa na muda wa aibu ya watu. "Samaki wakiniozea njiani," uliwaambia, "nani kati yenu atawalisha wanangu?" Halafu ukawakaribisha wachague samaki, nao wakachagua.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha, pale Mnazi Mmoja, Jumapili. Ulishika kiti kwa nyuma ukikimbia, kandambili zikikupiga visigino, ukinipigia kelele: "Ukiogopa, piga kengele! Ukiogopa sana, imba!" Nikaimba taarabu kwa sauti ya kulia. Watu waliokaa kivulini wakanipigia makofi, nikaanguka, na wewe ukaketi nyasini kando yangu ukicheka mpaka machozi. Mdogo wangu Hamisi alikuwa mtoto bado, umemfunga mgongoni, naye akacheka kwa sababu mgongo wako ulikuwa unatikisika.

Na ule mkutano wa mtaa, mama. Uliniomba nikusindikize kwa kuwa ulitaka shahidi. Ulisimama mbele ya wanaume wote wale ukauliza: "Wenye magari wana barabara. Wenye miguu wana ukingo wa barabara. Sisi wa baiskeli mmetuweka wapi?" Mmoja akakujibu kutoka nyuma, "Baiskeli irudishe Masasi, mama, hapa Bongo!" Ukumbi ukaangua kicheko. Hukukaa. Ulingoja kicheko kiishe kama mtu anavyongoja mvua ipite, kisha ukaendelea pale ulipoishia. Mtendaji akakuambia, "Tumelichukua, mama." Tulipotoka ukaniambia, "Wakisema wamelichukua, ujue wameliacha." Lakini mkutano uliofuata ulirudi, na uliofuata huo pia ukarudi.

Asubuhi uliyoondoka siiandiki yote. Lori lilikata kona pale Kariakoo, nawe ulikuwa kando yake. Dereva alisema hakukuona. Alilirudia neno hilo mpaka watu wakaanza kumhurumia yeye. Aliyekukimbilia wa kwanza alikuwa Ami Nassoro wa duka la vitenge, yule Mwarabu uliyekuwa ukimpelekea changu wake kila Ijumaa, mkibishana bei kama watani. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua milango ya duka. Alichukua doti ya kanga mpya rafuni akakufunika. Nilipofika nilimkuta ameketi juu ya lami na kanzu yake nyeupe, maji ya samaki yamemlowesha, anawafukuza vijana wenye simu: "Msipige picha! Huyu ni mama wa watu!" Kabla ya hapo nilimjua kama mwenye duka tu. Tangu siku ile nilimhesabu kuwa ndugu.

Kwa hiyo utaelewa, mama, kwa nini haya yanayofuata yananishinda kuyabeba.

Walipoanza kumwaga zege nilikwenda kutazama kila jioni. Hamisi sasa ni mtu mzima, anachomelea mageti Gerezani, na anakwenda kazini kwa baiskeli kama wewe. Siku njia ilipofunguliwa tulipanda wote wawili. Tulikwenda taratibu, yeye mbele mimi nyuma, magari yanapita ng'ambo ya ukingo na hayatugusi. Nilimwona mama mmoja wa makamo amejifunga ushungi, ana kapu la mboga kwenye usukani, hana wasiwasi wowote. Nililia kuanzia Kariakoo hadi baharini. Hamisi akageuka akaniuliza, "Dada, vipi tena?" Nikamwambia vumbi. Akasema, "Vumbi gani, wakati jana tu wamefagia?" Naye macho yake yalikuwa mekundu.

Furaha ile haikuzeeka. Kwanza ziliingia bodaboda, maana foleni ikikaza dereva haoni kwa nini njia nzuri ikae wazi. Kisha wakaja wenye meza za soksi na chaja. Kisha magari, tairi mbili juu ya ukingo, dereva anakuambia "dakika moja tu" na anakwenda kula chakula cha mchana. Mgambo walikuja, wakafukuza, wakaondoka, na watu wakarudi kabla vumbi la gari la mgambo halijatulia. Sikuwachukia. Nilijua kila mmoja ana watoto wanaomngoja nyumbani.

Halafu siku moja nikakuta marobota ya vitenge yamepangwa ndani ya njia, yameifunga yote, na duka lililo mbele yake ni la Ami Nassoro.

Niliegesha baiskeli nikaingia. Amezeeka, mama, ndevu zimekuwa pamba tupu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, Zuhura mwanangu. Karibu kahawa."

"Ami, yale marobota ya nje ni ya kwako?"

Akashusha kikombe. "Ya kwangu. Yanashushwa, yanaingizwa."

"Nimeyaona tangu juzi."

"Nishushie wapi, mwanangu?" akasema, na hakuwa na ukali. "Zamani gari la mzigo lilisimama hapa mlangoni. Sasa wamejenga ukingo. Stoo imejaa, mteja hana pa kusimama, jirani naye kaweka ya kwake. Mimi nikiacha wazi, kesho wanapanga wengine. Niambie, nishushie wapi?"

"Lakini ami, hapa ndipo..."

Alijua. Aliinuka, akawaita wapagazi, na akasimama juani mpaka robota la mwisho likaingia ndani. Nilimshukuru. Wiki iliyofuata yalikuwa yamerudi. Nilipopita akajifanya anahesabu vitambaa, na mimi nikajifanya sikumwona. Nilikwenda ofisi ya mtaa kueleza kuhusu njia yote, nikaambiwa na kijana mpole sana kwamba wamelichukua. Ningekuwa na nguvu ningecheka.

Hamisi alikuwa akitoka kazini, mama. Alikuta marobota yale, akafanya tulichokuwa tukifanya sote: akanyanyua baiskeli, akaivusha ukingo, akapanda upande wa magari ili ayazunguke marobota arudi ndani. Ni safari fupi kiasi kwamba mtu haoni hata haja ya kugeuza shingo. Gari dogo la abiria lilikuwa linakimbilia nafasi. Lilimbana na ukingo ule ule wa zege tulioupigania, na mguu wake wa kulia ukasagika katikati.

Niliitwa hospitali. Aliyenipigia simu alikuwa Ami Nassoro. Alikuwa ametoka dukani mbio na umri wake ule, akamweka Hamisi kwenye gari lake na kumpeleka, akamshika kichwa mapajani njia nzima huku mwanawe akiendesha. Nilimkuta kwenye benchi la nje. Nikakaa pale, kwa kuwa benchi lilikuwa moja. Daktari alipotoka kutuambia kwamba mguu hautaokoka, utakatwa chini ya goti, Ami Nassoro ndiye aliyelia kwa sauti. Mimi nilitazama sakafu.

Baadaye akaniuliza, "Zuhura, mama yako atanisamehe?"

Nilitaka kumwambia ndiyo kwa ajili ya ile kanga, na kwa ajili ya kanzu iliyolowa. Nilitaka pia kumwambia hapana. Maneno yote mawili yalifika mdomoni pamoja na hakuna lililotoka.

Sijui ningemshitaki nani, na kwa lipi. Dereva alikuwa barabarani kwake. Mwenye marobota alikosa pa kushushia. Waliojenga walijenga, ukingo upo, rangi ipo. Ukiuliza, kila mtu ana sababu, na sababu zote ni za kweli. Ulipokuwa ukidai njia ile nilidhani tunapigana na watu wasiotaka kusikia. Sasa wamesikia, wamejenga, na imekuwa vile vile. Hilo ndilo linalonimaliza. Tulipokuwa hatuna kitu nilijua pa kutazama. Siku hizi sijui nitazame wapi.

Ami Nassoro ameondoa marobota yake kabisa, na anaweka kiti chake pale mlangoni kuzuia wengine. Anazuia mbele ya duka lake tu. Hatua chache mbele yake njia imezibwa na meza, na hatua chache nyuma yake wanaegesha magari. Kipande kile kitupu kinang'aa, na hakuna baiskeli inayoweza kukifikia. Baiskeli yangu nimempa binti wa jirani aliyehamia Kigamboni. Mimi natembea kwa miguu, kando kando, kama wote.

Hamisi hajalalamika sana. Amejifunza kutembelea magongo, na karakana yake imemwahidi kazi ya kukaa, ingawa ahadi hiyo nayo inazidi kuwa ndefu. Kuna siku anaamka, anageuka ukutani, hainuki mpaka alasiri. Siku hizo naweka chai karibu yake na kuondoka. Sijui wewe ungefanya nini. Nadhani ungemsema mpaka ainuke kwa hasira. Mimi sina sauti hiyo.

Kila Ijumaa baada ya sala, Ami Nassoro anakuja kumtembelea. Mwanzoni walikaa wawili sebuleni kimya, mmoja anatazama dirisha, mwingine anatazama tasbihi. Mimi nikisikia hodi yake natoka uani, najipa kazi ya kuchambua mchele uliokwisha chambuliwa. Ijumaa iliyopita nilisikia sauti. Hamisi alikuwa anamsimulia habari za mteja wake mmoja aliyeagiza geti, likaja kuwa pana kuliko nafasi ya mlango wa nyumba. Ami akauliza, "Akafanyaje?" Hamisi akasema, "Akabomoa nyumba, ami!" Na wakacheka, mama, mzee yule na mwanao, wakacheka mpaka ami akaanza kukohoa na Hamisi akaniita, "Dada, mletee ami maji!"

Nilijaza bilauri. Nilifika hadi kwenye pazia la mlango, nikasimama hapo na maji mkononi. Aliyepoteza mguu amesamehe, na mimi mwenye miguu miwili nimeshindwa kuvuka kizingiti. Sikujua kwamba mtu anaweza kumwonea nduguye wivu kwa sababu ya msamaha. Nilimwita mtoto wa mpangaji akampelekea.

Nimekuandikia kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia hivyo. Mola akupe kaburi pana, lenye nafasi ambayo huku hukupewa. Usiningoje nikwambie kwamba huku kwema.

Ni mimi, mwanao wa kwanza, ambaye watu bado humwita binti wa Mama Baiskeli.