Yoti ya Nahodha Asiyeona

Baba yangu mpendwa,

Karakana yako ya mtaani Mfaranyaki bado iko wazi. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kumuulizia Mama.

Unaikumbuka yoti yetu ya kwanza? Mgeni alikuletea picha ya mashua ya starehe yenye matanga meupe, akataka mfano wake wa kuweka sebuleni. Wewe ulikuwa fundi wa milango na vitanda. Uliitazama picha ile mpaka chai ikapoa, kisha ukasema, "Skola, lete beseni." Tukaweka majini vipande vya mbao za mninga na mkangazi tuone vinaeleaje, ilhali mashua yenyewe ingekaa juu ya kabati! Majirani wakacheka: "Mzee, hiyo utaipeleka mto gani?" Ulicheka nao, ukaendelea kuchungulia beseni. Mteja akamwambia mteja mwenzake, na kazi hiyo ikatusomesha.

Ulipofariki nilirudi kwenye vitanda. Sikudhani ningeweza mashua peke yangu. Ndipo akapiga simu nahodha mstaafu wa Tanga. Aliendesha yoti ya tajiri mmoja kwa miaka mingi. Sasa yoti imevunjwavunjwa, naye haoni tena.

"Binti, rangi usihangaike nayo," alisema. "Nataka niishike. Na ndani uweke kila kitu."

Baba, sisi ndani hatukuwahi kuweka kitu! Picha alikuwa nayo moja tu, ya nje. Nikamuuliza upana wa mlango, hakujua. Nikajaribu njia nyingine: "Mzee, ukisimama penye usukani, kiwiko chako kinagusa nini?"

Akacheka kwa furaha. Kumbe mwili wake ulikuwa unakumbuka. Kitandani alilala amekunja magoti. Bomba la jiko lilimuunguza bega. Nikaijenga mashua nzima kwa vipimo vya mwili wake. Nilifumba macho nikaipapasa, na kila kidole kilipokwama nikapiga msasa upya, nikishangaa macho yalikuwa yamenificha mangapi.

Alikuja mwenyewe kwa basi, mkewe amemshika mkono. Nikawaamkia, nikaondoa sitaha iliyofunika vyumba, nikamsogezea mashua. Vidole vyake vikashuka ngazi, vikasimama.

"Hapa dari ilikuwa chini zaidi," akasema. "Kichwa changu kinajua."

Nikataka kuomba radhi. Lakini alikuwa anatabasamu, na tayari alikuwa anautafuta mkono wa mkewe.

"Miaka yote uliniuliza naishije huko. Njoo."

Akauongoza mkono wake ndani. "Hapa nililala," akamwambia. "Hapa nilichemsha chai. Penye kidirisha hiki nilikaa nikikuwaza." Mama yule ana macho mazima, lakini aliyafumba.

"Na hapa?" mkewe akauliza.

Nikatoka uani, nikawaachia karakana. Dari niliishusha kesho yake.

Sasa nina mashua nyingine mezani, na maswali mengi kuliko mbao. Natamani ungekuwepo siku ile, Baba. Najua ungemhoji nahodha mpaka akose basi.

Pumzika. Mimi nashika randa.

Binti yako,
Skola